Dereva wa mashindano amekubali hatari. Mtoto wa bodaboda je?

NSHAMBA, Muleba. Asubuhi za siku za shule, kabla jua halijapanda juu ya migomba, pikipiki huanza kushuka kutoka vijiji vinavyouzunguka mji mdogo wa Nshamba. Nyingi hubeba wanafunzi. Mmoja amekaa mbele juu ya tangi la mafuta, mikono yake kwenye usukani karibu na ya dereva. Wawili wako nyuma, mkubwa amemkumbatia mdogo aliye katikati. Mabegi yananing'inia pembeni. Kofia ngumu, kama ipo, iko kichwani mwa dereva au imetundikwa kwenye usukani. Mtindo huo una jina linalojulikana nchi nzima: mishikaki.

Mzazi aliyesimama mlangoni hupunga mkono na kurudi ndani. Ana shamba la kahawa linalomsubiri, au meza sokoni, au mtoto mwingine mgongoni. Shule iko mbali, jana usiku mvua imenyesha, na kijana wa bodaboda anafahamika. Ni mtoto wa jirani. Mwaka mzima amewapeleka watoto na hakuna aliyeanguka.

Ukitoka Bukoba ukavuka mpaka wa Mutukula, ukapita Masaka na kuelekea Entebbe, kuna mahali panaitwa Garuga. Huko Waganda hufanya mashindano ya pikipiki za matope, yaani motokrosi, na watoto wadogo wa umri wa darasa la kwanza nao hushindana kwenye pikipiki ndogo za injini ya sisi 50. Mtoto wa aina hiyo haingii kwenye njia ya vumbi hivi hivi. Huvaa kofia ngumu ya saizi yake inayofunika hadi kidevu, miwani ya kuzuia vumbi, ngao ya kifua na mgongo, vikinga magoti na viwiko, glavu na mabuti yanayopanda hadi chini ya goti. Njia imefungwa, hakuna lori linalokuja kutoka mbele. Kila kona ina mtu mwenye bendera, na gari la wagonjwa linasubiri pembeni.

Watoto hawa wawili wanaweza kuwa na umri mmoja. Wote wako juu ya pikipiki, kwenye udongo uleule mwekundu unaopatikana pande zote mbili za mpaka. Mmoja yuko kwenye mashindano, na watu wakimwona husema wazazi wake wana roho ngumu. Mwingine anakwenda shule na sweta lake, na hakuna anayesema kitu.

Hatari iliyokubaliwa ni ipi?

Watu wa mbio za magari na pikipiki hawadanganyani kwamba mchezo wao ni salama. Wanajua unaua. Wanachosema ni kwamba wameikubali hatari hiyo, na neno hilo kwao lina masharti. La kwanza, anayeingia awe anajua kinachoweza kumpata. La pili, awe amechagua mwenyewe. La tatu, kila kinachoweza kupunguzwa kiwe kimeshapunguzwa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho wanachokiita hatari iliyokubaliwa.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa sababu moja ya mbio ngumu kuliko zote ilizaliwa kwenye barabara zetu za vumbi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, matope na mito iliyofurika vilifanya magari saba tu yafike mwisho kati ya zaidi ya 80 yaliyoanza. Mbio hizo zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, zikifanyika Naivasha, na hadi leo madereva kutoka Ulaya hulalamikia vumbi laini kama unga linalomeza matairi.

Mmoja wa waliozimudu zaidi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata na Volvo iliyokwishatumika, si gari jipya la kiwanda. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Sifa yake kubwa haikuwa kukimbia kuliko wote, ilikuwa kufika: alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Alifariki dunia London mwaka 2013, akiwa mzee wa miaka 81.

Kufika huko hakukutokana na bahati. Kabla ya mbio, dereva na msaidizi wake huipita njia kwa mwendo mdogo uliowekewa kikomo, wakiandika kila kona, kila jiwe na kila daraja. Siku ya mashindano msaidizi husoma daftari hilo kwa sauti ili dereva ajue kilicho mbele kabla hajakiona. Magari huachiwa kwa kupishana dakika kadhaa ili la nyuma lisiendeshe ndani ya vumbi la mbele. Ndani ya gari kuna fremu ya mabomba ya chuma ili paa lisibonyee, na mikanda inayomfunga dereva mabegani, kiunoni na mapajani. Ambulensi isipokuwepo, mbio haziruhusiwi kuanza.

Kila kanuni ina kaburi lake

Tahadhari hizo hazikuletwa na busara peke yake. Nyingi zilikuja baada ya mazishi.

Mwaka 1986, mashindano ya dunia yalikuwa na magari yenye nguvu kupita kiasi. Mwezi Machi gari moja lilivamia watazamaji nchini Ureno na kuua. Miezi miwili baadaye, Mei, dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliungua hadi kufa katika kisiwa cha Corsica. Magari ya kundi lile yakapigwa marufuku kuanzia msimu uliofuata.

Mwaka 2001, bingwa wa Marekani Dale Earnhardt aligonga ukuta katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona na kufa kwa kuvunjika chini ya fuvu. Kifaa cha kuzuia jeraha kama hilo kilikuwepo tangu miaka ya 1980. Ni kola ngumu inayokaa mabegani na kuunganishwa na kofia kwa mikanda, ili kichwa kisirushwe mbele gari linaposimama ghafla. Madereva wengi walikiona kero, na siku hiyo Earnhardt hakukivaa. Kabla ya mwaka ule kwisha, kila dereva wa ligi yake alikuwa amelazimishwa kuvaa kifaa cha aina hiyo.

Hapo ndipo mzazi wa Nshamba anapoweza kujiona. Kinga ilikuwepo. Ilikosa kuvaliwa kwa sababu ilisumbua, kwa sababu wengine hawakuivaa, na kwa sababu siku nyingi zilipita bila kitu kutokea. "Mwaka mzima hakuna aliyeanguka" ni hesabu ileile.

Mtoto hakuulizwa

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi wa katikati kwenye mshikaki. Hajui kinachoweza kumpata. Anajua tu upepo ni mtamu. Hakuchagua, ameambiwa apande. Na karibu hakuna kilichopunguzwa: hana kofia, hana nafasi ya kukanyaga, na barabara haijafungwa kwa ajili yake. Yeye hajakubali hatari yoyote. Waliokubali kwa niaba yake ni wakubwa, na mara nyingi hata hao hawakukaa chini wakaamua. Ilitokea tu, siku moja ya mvua, kisha ikawa mazoea.

Kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki nchini zinaruhusu abiria mmoja kwa safari, na polisi wa usalama barabarani wamekuwa wakikumbusha kwamba mtoto wa chini ya miaka tisa hapaswi kubebwa na bodaboda. Wazazi wengi wanalijua hilo, au wamelisikia. Lakini basi la shule halipo, daladala haipandi hadi kijijini, na nauli ya watoto watatu kwenye pikipiki tatu ni fedha ya chumvi, sabuni na daftari.

Tena kutembea nako si salama moja kwa moja. Mtoto anayetembea pembezoni mwa barabara hupishana na malori ya ndizi kwenye kona zisizoonekana, na binti anayechelewa kurudi ana hatari nyingine njiani. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na waliomo kwenye hesabu hiyo ni abiria na waenda kwa miguu pia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia mzazi kwamba kuna njia isiyo na hatari. Analoweza kuulizwa ni lile sharti la tatu la watu wa mbio: je, kinachoweza kupunguzwa kimepunguzwa?

Udongo unavyoiangusha pikipiki

Kwenye vumbi, tairi halishiki barabara kama kwenye lami. Kokoto ndogo huviringika chini yake, na dereva akibana breki ya mbele kwa nguvu, gurudumu hujifunga na pikipiki hulala ubavu. Mvua ikinyesha, tabaka la juu la udongo mwekundu huwa kama sabuni huku chini kukiwa kugumu.

Uzito nao una hesabu yake. Abiria wawili au watatu wakirundikana nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hauitikii vizuri. Pikipiki inahitaji nafasi ndefu zaidi ili isimame, na kwenye mteremko nafasi hiyo mara nyingi haipo. Mtoto aliyekaa juu ya tangi yuko katikati ya kifua cha dereva na chuma cha usukani. Pikipiki ikisimama ghafla, uso wake ndio unaotangulia.

Majeraha mengine hayahitaji hata ajali. Mtoto ambaye miguu haifiki kwenye pedali huiacha ining'inie, na kisigino huingia kwenye spoku. Mguu wenye ndala hugusa ekzosi na kuungua. Khanga ya mama, au mkia wa koti la mvua, hunaswa na tairi la nyuma.

Kichwa ndicho kinacholipa zaidi. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya watumiaji wa pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna sindano wala dawa ya hospitali inayoweza kurudisha kilichopotea pale fuvu lilipogonga jiwe.

Tabia za watu wa mbio ambazo kaya inaweza kuiga

Si lazima familia iwe na fedha za watu wa mashindano ili kuiga mpangilio wao. Mengi ni mazoea.

La kwanza ni kuijua njia. Mzazi anaweza kupita barabara ya shule mara moja, kwa miguu au nyuma ya bodaboda ileile, akatazama wapi pana kona iliyofunikwa na migomba, wapi maji hukata barabara, wapi malori hupishana. Kisha akakubaliana na dereva sehemu mbili au tatu ambazo mtoto atashuka na kutembea hatua chache mvua ikinyesha, hasa mteremko mkali na daraja la miti.

La pili ni dereva mmoja anayejulikana, si yeyote aliyepo kijiweni. Awe na leseni, awe halewi, asiwe ameshinda usiku kucha barabarani. Kumtazama tairi si kumdharau: tairi kipara kwenye udongo ni sawa na kutembea na soksi juu ya sakafu iliyomwagika maji. Breki zote mbili zishike na taa iwake.

La tatu ni abiria mmoja. Familia yenye watoto watatu inaweza kumpeleka mdogo kwa baiskeli au kwa miguu pamoja na mtu mzima, na wakubwa wakatangulia kutembea na wenzao. Wazazi wa kitongoji kimoja wakipokezana kusindikiza kundi la watoto, kila mmoja hupoteza asubuhi moja kwa wiki badala ya tano. Kundi hutembea mstari mmoja, upande wa kulia, likiyatazama magari yanayokuja.

La nne ni kofia. Ya mtu mzima haimfai mtoto. Huzunguka kichwani, humfunika macho na humchosha shingo. Ya mtoto inatakiwa ikae bila kucheza anapotikisa kichwa, iwe na alama ya ubora ya TBS, na mkanda ufungwe kiasi cha kuacha nafasi ya vidole viwili chini ya kidevu. Kofia iliyowahi kugonga chini kwa nguvu haifai tena hata kama haina ufa unaoonekana. Wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa kuogopa fangasi na jasho la wengine, na hofu hiyo ina maana. Dawa yake ni mtoto kuwa na kofia yake mwenyewe, anayokwenda nayo na kurudi nayo kama begi. Bei yake inauma, lakini kofia hurithiwa na mdogo ikiwa haijapata kipigo.

La tano ni kusema. Wazazi wengi huona aibu kumwelekeza dereva, hasa akiwa kijana wa nyumbani. Maneno machache ya heshima yanatosha: "Mwanangu, huyu mpeleke peke yake. Mteremkoni nenda polepole, hata akichelewa nitamweleza mwalimu mimi." Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito, kwa sababu haraka ya asubuhi mara nyingi haitoki kwa dereva. Inatoka nyumbani, kwa mtoto aliyechelewa kuamshwa na anayeogopa kuadhibiwa langoni.

Dereva naye ni mtoto wa mtu. Yuko kwenye barabara ileile kuanzia alfajiri hadi usiku, na kila tahadhari inayomlinda mwanafunzi inamlinda na yeye.

Kijana anayetaka kushindana

Kuna mzazi mwingine ambaye tatizo lake si mtoto wa darasa la kwanza. Ni kijana wa miaka 16 anayeazima pikipiki ya kaka yake sikukuu na kupimana nguvu na wenzake kwenye barabara iliyonyooka, wakinyanyua gurudumu la mbele huku wasichana wakitazama. Kumfokea kwamba mashindano ni ujinga husaidia kidogo, kwa sababu ameshawaona mabingwa kwenye simu na anajua wanaheshimiwa.

Kinachoweza kumwingia ni kuonyeshwa kile ambacho video haikazii. Bingwa anakimbia kwenye njia iliyofungwa, akiwa na kofia, buti na ngao, baada ya kuipita njia ile mara nyingi, na daktari yuko karibu. Nchini, mbio za magari husimamiwa na Chama cha Magari Tanzania, AAT, na huwezi kuruhusiwa kuanza bila vifaa. Barabara ya kijijini haina hata kimoja, na ina bibi anayevuka na kuni kichwani. Bibi huyo hajaingia kwenye mashindano yoyote.

Ikitokea ameanguka

Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono wala kukalishwa haraka. Kwanza watu wazuie magari yasimgonge. Kama amezimia au analalamika shingo, kichwa na shingo vishikiliwe visicheze, na asogezwe na watu kadhaa kwa pamoja akiwa amenyooka. Asipewe maji ya kunywa. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa safi. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Muleba ina hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Kaya ijue mapema iliyo karibu, na iwe na namba ya mtu mwenye gari.

Mtoto aliyegonga kichwa akaamka na kucheza bado anahitaji kuangaliwa kwa siku nzima na usiku wake. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, au majimaji au damu ikitoka puani au sikioni, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Kwenye mbio za magari, kila gari hubeba karatasi yenye pande mbili. Gari likipata ajali na waliomo ni wazima, hutoka na kuionyesha upande wenye neno OK kwa magari yanayofuata. Wakihitaji msaada, huonyesha upande wa pili, wenye herufi nyekundu za SOS. Dereva anayepita na kuiona SOS analazimika kusimama, hata kama alikuwa anaongoza.

Nshamba hawana karatasi hiyo, ila wana simu. Dereva anayemfikisha mtoto langoni anaweza kumbipu mama yake mara moja na kukata. Haigharimu kitu. Mama aliye shambani akisikia mlio huo anajua mwanawe ameshuka salama. Usiposikika kwa saa iliyozoeleka, anajua kwamba ni wakati wa kupiga yeye.